Setrizini ya miligramu 10 kwa mabaka yasiyoisha: nimeitumia miezi nane, haya ndo maoni yangu

Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaokesha mnajikuna, maana mie nimehangaika zaidi ya mwaka kabla sijakaa sawa na ningempata mtu wa kunambia mapema haya ningeokoa hela na machozi mengi sana. Dawa yenyewe ni setrizini, kidonge cha aleji cha kawaida kabisa, ipo duka la dawa lolote hapa Tanga, wala huhitaji kuagiza Dar.

Mie fundi cherehani, niko Ngamiani, kazi yangu ni kukaa kutwa kwenye joto. Mabaka yalianza kiunoni pale mkanda wa sketi unapobana, na kwa ngozi nyeusi kama yangu wekundu hata hauonekani vizuri, unaona uvimbe tu kama mbu ishirini wamekuuma sehemu moja, halafu muwasho wake kama umepita kwenye upupu. Saa kadhaa yanapotea, yanaibuka mapajani, kesho mgongoni, keshokutwa mdomo wa juu umefura huwezi hata kunywa chai. Na ukienda kumuonyesha mtu hayapo! Hilo liliniuma kuliko muwasho wenyewe, nafika dispensari asubuhi ngozi safi, mhudumu ananiangalia kama nadeka.

Nimeambiwa kila kitu. Harara la joto. Damu chafu, nikanywa mwarobaini mpaka kila chakula nikawa nakiona kichungu. Wifi yangu akasema nimefanyiwa kitu. Wengi wakashikilia ni chakula, basi nikaacha samaki, pweza, kamba, mayai, karanga, nyanya, miezi minne mizima, jamani ukae Tanga huli samaki unakula nini? Nikabaki na ugali na mchicha, nguo zikanipwaya, mabaka yapo pale pale.

Kabla ya hii nilishapitia vile vidonge vidogo vya njano vya mafua na aleji ambavyo kila nyumba vipo. Muwasho vinapunguza, sikatai, ila usingizi wake si wa mtu mwenye cherehani, siku moja nilisinzia nashona gauni la mteja sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole cha shahada, alama ninayo mpaka leo. Nikachomwa pia sindano za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kwenye dispensari moja, hapo ndo nikaona muujiza, siku tatu ngozi ya mtoto! Ya nne yamerudi. Nikachomwa tena, yakarudi tena, na hakuna aliyenambia kwamba hizo si za kuzoea, kwamba zikitumika muda mrefu zinapandisha sukari na presha na kuchosha mifupa. Daktari anaweza kukupa kwa siku chache ukizidiwa, basi, haziwi dawa ya kila siku.

Nilikuwa nimeshaanza kuchanga nauli ya kwenda Moshi, pale hospitali ya KCMC kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi, ndo jirani yangu akanielekeza kwa daktari mmoja wa ngozi huku huku mjini. Yule dada Mungu ampe heri. Kwanza hakucheka. Akaniomba mkono, akanikwaruza na kifuniko cha peni, tukaongea kama dakika tano hivi, nikiangalia mkono mstari umepanda kama uzi umepita chini ya ngozi. Halafu akanambia dada yangu, leo baka likitoka lizungushie duara la peni, uangalie kesho saa hizo hizo. Nikafanya. Kesho yake duara lipo, ndani hamna kitu, baka limehamia pembeni. Akasema hiyo dalili nzuri, baka la urtikaria, yaani huu ugonjwa wa mabaka ya kuwasha, ile ya kawaida huwa halimalizi saa 24 mahali pamoja, ingekuwa linakaa siku mbili linauma na kuacha doa kama la mchubuko angetaka kukata kipande kidogo cha ngozi apime.

Urtikaria sugu ndo jina lake, sugu maana imezidi wiki 6. Kwa wengi wetu hakuna chakula cha kulaumu, kinga ya mwili yenyewe inazichokoza chembe fulani za kwenye ngozi zinamwaga kitu kinaitwa histamini, hicho ndo kinavimbisha na kuwasha. Akanipima damu na tezi ya shingo, maana matatizo ya tezi hiyo na huu ugonjwa mara nyingi vinaongozana. Akaniuliza na dawa za maumivu. Nikamwambia mgongo unaniuma natumia diklofenaki. Akashika kichwa! Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zote hizo zinaweza kuyachochea kwa watu kama sisi, nikahamia parasetamoli.

Sasa kidonge. Setrizini nilishawahi kumeza zamani nikasema haifanyi kazi, kumbe nilikuwa namezea vibaya, nasubiri mabaka yatoke ndo nimeze. Daktari akanielewesha hivi: histamini ina kiti chake inakokalia ndo ikuwashe, setrizini kazi yake ni kuwahi kile kiti. Ukimeza histamini imeshakaa umechelewa. Kwa hiyo unameza kila siku, saa ile ile, uwe na mabaka usiwe nayo. Hapo tu ndo palikuwa pananishinda mwaka mzima, na naamini wengi mnaosema dawa haisaidii ndo hapo hapo mlipo.

Mie nameza baada ya Isha maana na yenyewe usingizi kidogo ipo, si kama ile ya njano lakini ipo. Kimoja kinashika masaa 24 kwa hiyo Ramadhani haikunisumbua, nilihamishia kwenye futari nikafunga zote. Wiki mbili za kwanza na kimoja nilipata nafuu nusu, daktari akanipandisha mpaka viwili kwa siku. Miongozo ya matibabu inaruhusu daktari kupandisha mpaka mara nne ya dozi ya kawaida lakini nasema DAKTARI, si we na muuza duka, hasa kama una shida ya figo au ni mjamzito.

Na alinipa hesabu ya kuandika, naandika kwenye daftari langu la vipimo nyuma kule. Kila siku mabaka unajipa 0 mpaka 3, muwasho 0 mpaka 3, unajumlisha siku saba, juu kabisa ni 42. Wiki ya kwanza nilikuwa 34. Mwezi wa pili 15. Sa hivi nacheza kwenye 3, 4, wiki nyingine 0, na ukiwa chini ya 7 unahesabiwa umetulia. Nikiona ile 34 na kiuno cha mteja wangu vimeandikwa ukurasa mmoja roho inasisimka.

Kasoro zipo. Kaskazi ikikolea Januari na Februari, jasho, hata viwili vinalemewa, naongezea maji ya baridi na dira la pamba lisilobana. Pia haiponyeshi, inashikilia tu mpaka ugonjwa wenyewe uchoke, na unaweza kuchukua miaka. Nilijaribu kuacha ghafla siku tatu nikajuta, na wengine waliotumia muda mrefu wakiacha wanapata muwasho mkali mwili mzima hata bila mabaka, ni wachache ila mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo 2025, kwa hiyo kuacha ongea na daktari upunguze taratibu. Kwa ambao vidonge vimeshindwa kabisa kuna sindano inaitwa omalizumabu ya kila wiki 4, sijaitumia na bei yake si ya fundi cherehani.

Mdomo ukivimba peke yake nasubiri unashuka. Ulimi ukivimba, sauti ikikwama, pumzi ikibana, usimeze chochote cha kusubiria, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja naikata kwa sababu ya kaskazi. Ukienda dukani angalia tarehe ya kuisha, na omba ya kampuni ile ile uliyozoea ili ukiona mabadiliko ujue si kidonge. Jana nimekula changu wa nazi, wa pili wiki hii, duara la peni sijachora tangu mfungo wa tatu.