TAHADHARI: Huyu "fundi wa kutoa upepo" anayezunguka na chupa zake Kunduchi na Msasani ni TAPELI

Wakuu, nimekaa na hili jambo siku tisa, sijamwambia mtu isipokuwa askari na mke wangu, na mke wangu alicheka. Leo naliweka wazi kwa sababu juzi jamaa ameonekana Msasani, chupa kwapani, anatafuta mwingine wa kumwingiza mjini.

Mpira unaopitisha oili ya usukani wa boti yangu ulipasuka, wengine habari hiyo mnaijua, sirudii. Mpira mpya tuliufunga wenyewe, mimi na dogo. Kilichobaki ni kutoa upepo ulioingia kwenye oili. Usukani ulikuwa unabonyea kama godoro, ukiuachia unarudi wenyewe, na kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia nahesabu mizunguko tisa wakati siku zote ni mitano. Oili haibonyei, upepo unabonyea, shida yote ni hiyo tu. Breki za gari nimeshazitoa upepo mara nyingi, kwa hiyo hata hii ningejaribu. Ila Jumamosi nilikuwa na wageni kumi na wawili wa kwenda kisiwa cha Mbudya, wameshalipa nusu, nikasema nisibahatishe na roho za watu, niite fundi. Busara yangu hiyo.

Kabla hamjanicheka, sikilizeni kwa nini nilimwamini. Kwanza aliletwa na shemeji, na shemeji hajawahi kunipeleka pabaya. Pili, ilikuwa Alhamisi na alikuja na swaumu ya sunna. Nilimpa maji akakataa. Mtu amefunga, jua la saa saba, kainamia mashine yako, utamdhania wizi kweli? Tatu, kazi alikuwa anaijua kwa mdomo vizuri sana. Alimgombeza dogo kwa kuweka kifuniko cha pampu juu ya mchanga. Akasema punje moja ikiingia humo inaua vali, na hilo ni kweli kabisa. Nne, hakuwa rahisi! Chupa ya lita moja elfu sabini, hashuki hata mia. Angesema elfu ishirini ningeshtuka. Na chupa zilikuwa na karatasi ya fedha mdomoni, akanipa niichane mimi. "Chana mwenyewe bosi, usije ukasema." Nikachana. Nikajiona mjanja.

Akaipindua chupa juu ya pampu pale nyuma ya usukani, akaenda kwenye silinda, akauvalisha mpira mweupe unaoonyesha ndani kwenye kile kinati cha kutolea upepo, chini akatega kopo. Mimi nikashika usukani. "Kulia bosi, kulia, kulia, simama." Mapovu. "Umeona?" Nikaacha usukani nikaenda kuinama, nikayaona, madogo madogo yanapanda kama ya soda. "Rudisha kushoto." Nikarudisha. "Kulia tena." Mapovu tena, na safari hii mengi kuliko mwanzo! Chupa ya kwanza ikaisha. Niliisikia kabisa ikikoroma, ile sauti ya mtoto anayemalizia juisi kwa mrija. Akasema huo ndio upepo unatoka. Nikasema alhamdulillah. Chupa ya pili. Ya tatu. Shati limelowa, mabega yanawaka, nazungusha kama navuta ndoo kisimani. "Hii boti ilikuwa imekula upepo sana bosi, bahati yako umenipata mimi." Na mimi, hapa ndipo ninapojichukia, nikamwambia asante.

Chupa ya nne mapovu yakakatika ghafla. Usukani ukakaza, mizunguko mitano, safi. Yaani mtu ANAJUA kazi! Angeweza kumaliza tangu chupa ya pili. Zile nyingine alikuwa anautoa upepo na kuurudisha, anautoa na kuurudisha, huku mimi ndiye ninayemsukumia. Nimelipia chupa nne na ufundi elfu themanini, jumla laki tatu na sitini. Tena oili yangu ya zamani, safi, ya miezi minne tu, akaikusanya yote kwenye dumu akaondoka nayo. Eti ikimwagwa baharini samaki watakufa. Nikamwona mtu wa mazingira. Sasa hivi nawaza kwamba oili ya lile dumu anaiuza, na zile karatasi za fedha anazibandika mwenyewe.

Jumamosi tulikwenda na kurudi bila tatizo, nikamsifia kwa watu wawili. Nyie wawili mnajijua, samahani.

Wiki ya pili usukani ukaanza kuwa mzito. Nikasema labda chumvi, nikapaka grisi. Jumapili yake tunarudi kutoka Mbudya, saa kumi jioni, kusi limeamka, familia nzima ya wageni ndani, watoto wanne. Tunakaribia pale ngalawa zilipotia nanga, nakata kushoto, boti inakwenda mbele. Nazungusha. Inakwenda mbele. Usukani unazunguka kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, hakuna kitu kinachoshika. Nikazima mashine, dogo akarukia mbele na pondo, lakini tulikuwa tumeshachelewa, tukaingia kwenye ngalawa ya mzee mmoja na mrengu ukavunjika. Mrengu nimeulipa na msamaha nimeomba. Kinachoniuma ni yule mama aliyekuwa anapiga video muda wote, na mwanawe akauliza kwa sauti, "Mama, kwani huyu nahodha anajifunza leo?" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, ningefanyaje.

Usiku nikarudi na tochi. Matone yametoka kwenye sili za silinda, zile pete za mpira za kuzuia oili isivuje, yamedondokea kwenye rangi ya mashine, na rangi imejikunja kama utandu wa maziwa. Oili ya haidroliki haifanyi hivyo. Kwenye chupa ya nne kulikuwa na kibaki, nikakimimina kwenye glasi ya maji. Oili inaelea, hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Hii ilizama, nikatikisa kidogo, ikayeyuka kama sharubati.

Oili ya breki, wakuu. Ile ile ya DOT 3 ya duka lolote la spea. Sili za usukani wa boti haziiwezi. Zinavimba, zinalainika, halafu zinaachia. Ule uzito wa wiki ya pili ulikuwa uvimbe, na mimi napaka grisi! Sasa silinda iko chini, pampu iko chini, sili zote ni za kubadilisha na mipira yote ya kusafishwa mpaka ndani. Gharama sitaji, mke wangu anasoma.

Dalili za utapeli wake? Mnaniuliza dalili na kichwa bado hakijatulia. Ncha ya ule mpira mweupe ilikuwa inaning'inia juu ya kopo, haikuzama kwenye oili, kwa hiyo ilikuwa inavuta hewa. Niliiona nikanyamaza. Kinati kinatakiwa kifungwe usukani ukiwa bado unazungushwa. Yeye alinisimamisha kwanza, tena akaniambia nirudishe kikiwa wazi. Chupa ya juu haitakiwi kukauka kabisa. Boti kama zetu ni lita mbili, zikizidi sana tatu. Na alipomaliza alinawa mikono kwa maji matupu, bila sabuni, bila petroli, ikatakata. Fundi gani wa oili ananawa kwa maji matupu?

Lakini dalili zisitupotezee muda, huyu mtu ni wa jela. Kuiba hela ni kosa moja, kukata usukani wa boti yenye watoto ni kosa jingine kabisa. Angekuwa ametoboa boti usiku tungemwitaje? Mimi nasema apandishwe kwenye boti ile ile, usukani ule ule, apelekwe nje ya Mbudya siku ya kusi kali, tumwachie na chupa zake nne atoe upepo. TASAC, wale wasimamizi wa vyombo vya majini, nao wapelekewe sura yake. RB ya polisi, ile namba ya kufungua kesi, ninayo, ingawa nilipomweleza askari kwamba usukani wa boti uliingiwa na upepo, aliniuliza kama boti ina matairi.

Jina na namba sibandiki hapa kwa sababu ya hiyo RB. Simu yangu hapokei. Ya shemeji hapokei. Jana usiku nikamwandikia kwa namba ya mke wangu, nikajifanya nina boti Mbweni, usukani unabonyea, nifanyeje. Hazikupita dakika mbili akajibu: "Pole bosi, hiyo imekula upepo. Andaa hela ya chupa nne."

Anakuja Alhamisi saa saba. Askari nimeshamweleza tena, safari hii kanielewa, atakuwepo. Mwenye nafasi afike, shemeji asiambiwe, na mtu mmoja aje na glasi ya maji.