Noah SR40 yenye kilomita 291,000: kwa nini nilitengeneza badala ya kununua nyingine

Naandika haya baada ya kuitumia Toyota Noah yangu miezi kumi na moja tangu ifunguliwe injini. Nilipokuwa nahangaika kutafuta ushauri, karibu kila mtu aliniambia neno moja: uza. Sikuuza, na nadhani kuna wenye gari kama langu wanaosukumwa kuuza bila mtu yeyote kulipima.

Kazi yangu ni kupika chakula cha sherehe hapa Moshi. Noah ndiyo inayobeba masufuria, majiko ya gesi, hotpoti na wasichana wanne wa kuhudumia, leo harusi Uru, kesho kipaimara Machame, keshokutwa msiba Kibosho. Ni ya mwaka 1999, namba B (herufi ya kwanza kwenye namba ya usajili), petroli, injini ya 3S ya lita mbili, otomatiki. Niliinunua mkononi mwaka 2015 ikisoma kilomita 168,000. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kuchelewesha chakula cha watu kwa sababu yake, mpaka Julai mwaka jana, dashibodi ikiwa imefika 291,000.

Siku hiyo tulikuwa tunapanda Kibosho na chakula cha watu 150. Katikati ya mlima mshale wa joto ukaanza kunyanyuka. Kwenye Noah hizi injini imekaa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo joto unalisikia miguuni kabla hujaliona. Nikaweka pembeni, nikazima. Mvuke ukatoka hadi wale wasichana wakashuka wakikimbia. Chakula kilimaliziwa safari na pikapu ya mwenye shughuli, na Mungu ambariki yule baba hakunisema hata neno.

Dalili zilikuwepo. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa naongeza maji kwenye rejeta kila baada ya siku mbili, na chini ya gari pakavu kabisa. Maji yakipungua na huoni yanapovujia, huenda yanaingia ndani ya injini. Sikulijua hilo, na ningelijua ningeokoa pesa nyingi.

Gereji ya kwanza niliyoipeleka, fundi aliwasha, akasikiliza, akaangalia kilomita kwenye dashibodi, akatikisa kichwa. "Mama, hii injini imekufa. Kilomita hizi ni nyingi mno. Leta milioni mbili na laki tatu tukutafutie injini mtumba ya Japani, na laki tatu na nusu ya kufunga." Hakufungua kifuniko hata kimoja. Nilipomwambia sina pesa hiyo, akatoa themostati akasema kwa joto la huku haina kazi, akaniomba elfu arobaini. Wiki iliyofuata gari likachemsha tena, safari hii kwenye tambarare kabla ya kufika Boma Ng'ombe.

Hili la kutoa themostati limenikera kuliko yote. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, kama nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini inakaa na ubaridi muda mrefu, inakunywa mafuta, na ugonjwa wenyewe uko palepale. Kama rejeta imeziba au gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua, kutoa themostati hakuzibui wala hakuzibi chochote.

Nyumbani mume wangu alikuwa ameshapiga hesabu zake. Alitaka tuiuze ilivyo, dalali alishasema milioni nne, tuongeze tuchukue IST, gari dogo la Toyota, namba D (usajili mpya zaidi) ya milioni kumi na moja. Sikumbishia, kwa sababu hoja yake ilikuwa na uzito: gari jipya kidogo, mafuta kidogo, usingizi mzuri. Tukaingia pia kwenye simu, kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato), tuone kuagiza Noah nyingine kungegharimu kiasi gani. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, halafu gari dogo lenye zaidi ya miaka kumi linaongezewa 30% ya uchakavu. Noah za umri wa yangu zote zinaangukia hapo. Tulifunga simu.

Na IST haibebi sufuria la lita mia. Ningekuwa nakodi kirikuu (pikapu ndogo) kila wikiendi, elfu hamsini hadi themanini kwa safari za milimani. Hiyo hesabu mume wangu hakuwa ameiweka, na nilipoiandika kwenye karatasi akakubali tutafute fundi wa pili kabla ya kuamua.

Huyo wa pili yuko Pasua, kijana mtaratibu, gereji yake ni uwanja wa udongo na bati moja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua kifuniko cha oili na kukigeuza. Chini yake kulikuwa na utando mzito, rangi ya mtori ulioanza kupoa. Akaniambia nipitishe kidole. "Mama, hayo ni maji na oili yamechanganyika." Kisha akatoa plagi zote nne, akafunga geji ya kupimia kompresheni (nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda), akaniomba nimshikie ufunguo nipige stata huku yeye anasoma. Silinda ya kwanza psi 165. Ya pili 105. Ya tatu 110. Ya nne 168. Akaandika kwa chaki kwenye bampa ili nione.

Alinieleza hivi: injini iliyochoka kwa umri inashuka zote, polepole, na inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Hii yangu silinda za pembeni bado ziko vizuri, zilizoshuka ni mbili za katikati zinazopakana. Hiyo ni gasketi ya hedi imeungua hapo kati. Injini ni nzima, ilichemshwa tu. Kwa dakika ishirini na geji moja, zaidi ya milioni mbili na nusu za injini mtumba zilikuwa zimeepukika.

Ila hakukimbilia kufungua, na hapa ndipo nilipompenda. Alisema kabla ya kuweka pesa kwenye injini tuangalie kama gari lenyewe linastahili. Akaingia chini na bisibisi, akawa anagonga na kuchokonoa chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. Kutu alikuta chini ya mlango wa kuburuta na kwenye matao ya tairi za nyuma, lakini chasisi ilikuwa inalia chuma kitupu. Akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akanusa, akanipa na mimi ninuse: nyekundu iliyokolea, haina harufu ya kuungua. "Ingekuwa chasisi imeoza au giaboksi inateleza, ningekwambia uza hata leo."

Hedi ilipotoka aliipangusa, akaweka rula ya chuma juu yake, akamulika tochi kwa nyuma. Mwanga ulipita katikati, uzi mwembamba kati ya silinda ya pili na ya tatu. Hedi ya 3S ni ya aluminiamu imekaa juu ya bloku ya chuma, ikichemshwa inapinda. Ilikwenda karakana ya kuchonga vyuma, ikapimwa kwanza nyufa, haikuwa nazo, ikanyooshwa.

Gharama zilikwenda hivi. Seti ya gasketi laki moja na ishirini, kuchonga hedi elfu sitini, timing belti na tenshena yake laki moja na kumi kwa kuwa injini ilikuwa wazi tayari, rejeta laki na themanini (ya zamani ilikuwa imeziba kwa maji ya bomba niliyoyajaza miaka yote bila kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta), mipira ya maji elfu arobaini na tano, themostati ishirini na tano, kulanti arobaini, oili na filta sitini na tano. Ufundi laki mbili. Jumla 845,000. Spea nilinunua mwenyewe mjini, fundi akiwa kwenye simu, na nilirudisha gasketi moja ambayo karatasi yake ilikuwa inamenyeka kwa kucha.

Tangu hapo nimetembea kilomita 13,500. Milima yote, pamoja na ile iliyoniaibisha Kibosho, na mshale haujavuka katikati hata Desemba ile ya foleni za watu wanaorudi nyumbani Krismasi. Kompresheni alipima tena baada ya miezi mitatu, zote nne kati ya 160 na 170. Mafuta ni kama kilomita 8 kwa lita, wakati bila themostati nilikuwa siifikii 7.

Sio kwamba imekuwa mpya. Nimeshabadilisha bolijointi mbili na betri, laki tatu zote pamoja. Shokapu za nyuma zimechoka na gari likiwa tupu linaruka ruka. Kutu ya mlangoni inaendelea, nimeikwangua na kuipaka rangi lakini naiona inarudi. Ukijumlisha yote ni 1,145,000 kwa miezi kumi na moja, yaani kama laki moja na elfu nne kwa mwezi. Kuchukua ile IST tungeongeza milioni saba, na zingetoka kwenye mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Kuhusu injini mtumba, sisemi ni mbaya. Shemeji yangu wa Arusha alifunga moja na inakwenda vizuri. Lakini unanunua kitu ambacho hujui kimetembea kiasi gani, na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo una safari ya kurekebisha kadi. Ningeifikiria tu kama geji ingeonyesha silinda zote zimeshuka.

Tumekubaliana na mume wangu kwamba giaboksi ikianza kuteleza, au bisibisi ikizama kwenye chasisi, hatuongezi hata shilingi, inauzwa. Kila mwezi naweka laki moja pembeni kwa ajili ya siku hiyo. Na kila Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, injini ikiwa baridi, nafungua kifuniko cha rejeta kuangalia maji, halafu nakigeuza kile cha oili.