Brevo kwa biashara ndogo: bei ni nafuu, kazi iko kwenye kikoa

Programu nyingi za kutuma barua pepe za biashara hutoza kwa idadi ya majina uliyohifadhi. Brevo, kampuni ya Ufaransa iliyojulikana kama Sendinblue hadi 2023, hutoza kwa idadi ya barua unazotuma. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua huduma hii inamfaa nani. Nyumba ya wageni ya Paje, au kampuni ndogo inayopandisha watalii Kilimanjaro, huwa na maelfu ya majina ya watu waliowahi kulala pale au kuulizia bei, lakini haina sababu ya kuwaandikia zaidi ya mara moja kwa mwezi. Mailchimp, mshindani wake mkubwa, huyahesabu majina hayo yote kwenye bili, hata ya waliokwisha kujiondoa, mpaka mwenye akaunti ayahamishie kwenye kumbukumbu. Ndani ya Brevo yanakaa bila kuongeza senti.

Kifurushi cha bure kinaruhusu barua 300 kwa siku. Mwenye wateja 200 anaweza kuwaandikia kila wiki bila kulipa chochote. Mwenye wateja 4,000 atahitaji siku 14 kuwafikia wote, na ofa ya wikendi itawafikia baadhi yao ikiwa imeshapita. Huyo alipe: kifurushi cha chini kimekuwa kikianzia takriban dola 9 kwa mwezi kwa barua 5,000, na kikomo cha kila siku kinaondoka. Bei hubadilika, kwa hiyo isome kwenye tovuti yao kabla ya kupanga bajeti. Jambo linalosahaulika ni kwamba barua za mfumo, kama risiti ya duka la mtandaoni au uthibitisho wa nafasi, zinakula humo humo kwenye zile 300. Kama tovuti yako inatuma risiti kupitia Brevo, igawe orodha mafungu ya watu 250 na uache nafasi 50 kwa ajili ya risiti.

Duka la nguo la Kariakoo ambalo wateja wake wote wako WhatsApp halihitaji huduma hii. Brevo inauza pia SMS, lakini kwa wateja wa ndani linganisha kwanza na kampuni za hapa kama Africa's Talking au Beem, maana jina la mtumaji lazima lisajiliwe vyovyote vile. Barua pepe inalipa pale mteja anapokaa mbali au ananunua kwa niaba ya ofisi: watalii, shule, wanunuzi wa jumla, Waswahili walioko Muscat, London au Minneapolis wanaoagiza zawadi kwa ndugu zao nyumbani.

Kujisajili kunachukua dakika chache. Kazi yenyewe ni kikoa, yaani jina la mtandaoni la biashara yako kama duka.co.tz, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa na kuilaumu programu. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinadai kila mtumaji athibitishe kikoa chake, na masharti ni makali zaidi kwa anayetuma kuanzia barua 5,000 kwa siku. Ukitaka kutuma kwa anwani ya bure inayoishia na gmail.com, Brevo itaibadilisha na kuweka anwani ya kikoa chake, na mteja ataona anwani asiyoijua. Nunua kikoa cha .co.tz au .co.ke kabla hujagusa kitu kingine.

Ukishakiingiza kikoa, Brevo inakupa rekodi za kubandika kwenye DNS, yaani daftari la mtandaoni la kikoa chako: ya kuthibitisha umiliki, za DKIM ambazo zinawezesha sahihi ya kila barua kukaguliwa, na ya DMARC, inayoieleza mifumo ya kupokea barua ifanye nini na barua isiyothibitishwa. Kwa kuanzia DMARC inatosha kuwa v=DMARC1; p=none pamoja na anwani ya kupokelea ripoti. Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza, paneli nyingi za kampuni za kuhifadhi tovuti huongeza jina la kikoa zenyewe. Ukibandika jina zima la rekodi, linaishia kuwa duka.co.tz.duka.co.tz na uthibitisho unakataa siku nzima. Andika sehemu iliyo kabla ya kikoa tu, kisha angalia kilichohifadhiwa. La pili, rekodi ya DMARC lazima iwe moja. Zikiwa mbili, mifumo ya kupokea barua inazipuuza zote, kwa hiyo tazama kama kampuni ya tovuti ilishakuwekea moja. La tatu linapoteza muda kuliko yote: unahariri cPanel, paneli ya kampuni ya tovuti, ilhali seva za majina za kikoa chako zimeelekezwa Cloudflare, kampuni nyingine inayotunza DNS. Kila ulichobandika kiko mahali pasiposomwa na mtu. Hariri Cloudflare kwenyewe, na kwa rekodi za CNAME (zile zinazoelekeza jina moja kwenye jingine) zima ile alama ya wingu la rangi ya chungwa. Baada ya hapo subiri, kwa kawaida dakika hadi saa chache, mara nyingine siku mbili.

Hakikisha pia kikoa kina kisanduku cha barua kinachofanya kazi. Brevo inatuma tu. Mteja akijibu "nahitaji vyumba viwili Agosti" na anwani ya info haina kisanduku nyuma yake, hiyo pesa imepotea bila wewe kujua.

Kuingiza orodha kutoka Excel ni rahisi ukiandaa faili. Namba za simu zinahitaji kuanza na 255 au 254 bila sifuri ya mbele, na safu yake iwekwe kama maandishi, la sivyo Excel itaigeuza 255712… kuwa 2.55E+11 na namba zote zitaharibika. Weka safu ya tarehe mtu alipokubali kupokea barua na mahali alipokubalia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, zote zinakutaka uwe na msingi halali wa kutumia taarifa za mtu, na safu hiyo ndiyo ushahidi wako. Orodha ya kununua usiiguse. Brevo hukagua akaunti mpya, na barua nyingi zikirudishwa au watu wakilalamika, husimamisha utumaji.

Kiwango cha malalamiko kinachovumiliwa ni kidogo kuliko unavyodhani. Gmail inataka yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu kati ya 1,000. Watu wengi hubonyeza "spamu" kwa sababu hawakuona pa kujitoa, au waliona maandishi madogo ya Kiingereza chini kabisa. Mazingira ya Brevo hayana Kiswahili, lakini sehemu hii inaharirika, na kwa wateja wa Kiswahili iandike wazi: "Hutaki tena barua zetu? Bonyeza hapa ujitoe." Anza na wateja 50 hadi 100 walionunua karibuni, wale watakaofungua kwa hakika, kisha panda polepole kila wiki.

Kihariri chake cha kuburuta vipande ni kizuri, kati ya sababu za kuipenda. Kinachoharibu barua ni tabia ya kuchukua bango la WhatsApp na kulibandika kama picha moja nzima. Mteja mwenye bando dogo ataona kisanduku cheupe, na vichujio vya spamu havipendi barua isiyo na maneno. Andika maneno kama maneno, picha iwe na upana wa pikseli 600 na uzito usiozidi KB 200. Usinakili maandishi kutoka Word: hubeba msimbo uliofichika, na Gmail hukata barua ambayo msimbo wake umezidi KB 102, pamoja na kile kiungo cha kujitoa. Jina la mteja weka hivi: {{ contact.FIRSTNAME | default : "mteja wetu" }}, ili asiye na jina asipokee "Habari ," tupu. Kitufe kikuu kielekeze kwenye wa.me/255… bila alama ya kujumlisha. Wateja wengi wa hapa watamalizia mazungumzo WhatsApp. Na kichwa cha barua kianze na bidhaa, kwa sababu simu huonyesha herufi 35 hivi tu: "Kahawa ya Mbinga imefika, nusu kilo" kinasomeka chote, "Tunayo furaha kuwatangazia wateja wetu" kinaishia bila kusema kitu.

Kwenye ratiba, weka saa za akaunti ziwe za Nairobi au Dar es Salaam. Zikibaki za Paris, barua itachelewa saa moja au mbili kulingana na msimu. Mfanyakazi anayepanga utumaji aelezwe kwamba saa tatu asubuhi inaandikwa 9:00. Akiandika 3:00, barua inaondoka saa tisa usiku.

Ripoti zake zinasomeka vizuri, ila idadi ya waliofungua isikudanganye. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple hupakia picha hata kama mtu hajafungua barua, na watalii wengi wanatumia iPhone. Hesabu waliobonyeza kiungo, waliojibu, na waliolipa.

Kasoro mbili za kuzijua mapema. Nembo ya Brevo inabaki chini ya barua za bure, na hata kwenye kifurushi cha chini kabisa kuiondoa kumekuwa kukilipiwa kando. Malipo kwa kawaida yanataka kadi. Kenya kadi ya M-Pesa GlobalPay inaweza kutumika, lakini acha salio la kutosha siku ya kukatwa, maana kadi hiyo haina deni la kukufunika, na malipo yakishindikana kampeni ya mwisho wa mwezi itakwama kwenye kikomo cha barua 300.