Uzoefu wangu: kufuatilia moyo wa Mama kutoka Lamu kwa mashine ya presha na mizani

Mwaka mzima sasa nampima Mama presha na uzani kila alfajiri hapa Langoni, kisha namtumia vipimo daktari wake wa Malindi kwa WhatsApp. Moyo wa Mama umedhoofika, hausukumi damu inavyotakiwa. Zamani kila kliniki ilikuwa boti hadi Mokowe, halafu basi, na akifika huko miguu imevimba kuliko alivyotoka.

Mashine ya presha ni nzuri, ila mkanda uliokuja nayo ulimbana mkono ukawa unasoma juu. Wiki mbili sikulala kwa hofu. Nilipopata mkanda mpana, namba zikatulia. Programu yake ya simu siipendekezi, imenipotezea vipimo vya siku tisa. Nunua daftari.

Kilichomfaa Mama hasa ni mizani. Sakafu yetu ya chokaa ina mabonde, ukiisogeza hatua moja inakupa nusu kilo zaidi. Seremala akanikatia ubao, tukaulaza kwa pimamaji, na hauondoki pale. Basi baada ya arusi ya jirani, ambako Mama alikula ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, Jumatatu alikuwa kilo 61.2, Alhamisi 63.4. Presha sawa kabisa, na mwenyewe ananiambia hajambo. Nikambonyeza muundi kwa kidole gumba, shimo likabaki. Saa tatu haijafika, daktari akajibu: "Dadangu, hayo ni maji. Furosemaidi mpe mbili asubuhi badala ya moja, siku tatu, na chumvi muondolee." Furosemaidi ndiyo dawa yake ya kutoa maji mwilini. Jumapili tukasoma 61.5. Nililia.

Shemeji yangu aliye Marekani ana pampu ya moyo, HeartMate 3. Damu yake inakwenda mfululizo, mapigo ni shida kuyashika, na mashine kama yangu mara nyingi haimsomi. Yeye amewekewa pia kihisio cha presha, CardioMEMS, ndani ya mshipa unaopeleka damu mapafuni. Hakina betri: analala juu ya mto maalumu, na kipimo kinakwenda hospitali. Kiliidhinishwa huko mwaka 2014. Presha ya mle ndani huanza kupanda siku nyingi kabla mgonjwa hajavimba wala kuongeza kilo, na hapo ndipo natamani Mama naye angekuwa nacho. Mizani yangu inaniambia maji yakishaingia, ndiyo maana siruki hata asubuhi moja.