Nimebadilisha tyubu za amplifaya yangu mara tatu ndo kelele ikaisha, uzoefu wangu

Amplifaya yangu ni ya tyubu (vile vichupa vya kioo vinavyowaka na kukuza sauti), stirio, mbele ina 12AX7 mbili (moja kila upande), nyuma yake 12AU7 mbili, halafu EL34 nne ndo zinazosukuma spika. Imenifaa miaka mingi bila neno, mpaka spika ya kushoto ilipoanza shshshsh kama kuna mtu anakaanga kitu ndani yake, na katikati ya kukaanga unasikia tap... tap tap, haina mpangilio. Ukipiga mziki wa fujo husikii kitu, ila weka sauti ya mtu mmoja na gitaa uone, unakaa unasikiliza karai.

Nikakurupuka. Nikanunua EL34 nne mpya kwa sababu ndo kubwa, ndo zinawaka vizuri, nikajua tu ugonjwa uko huko, nikafunga, nikaseti bayasi (kiasi cha umeme unaopita kwenye tyubu zikiwa zimetulia), nikawasha nikasubiri zipate moto na moyo unanidunda, shshshsh ile ile! Hela imeenda hivyo.

Ndo nikatulia nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Nikachomoa nyaya zote za kuingiza mziki, kelele ipo. Nikashusha volyumu mpaka sifuri, kelele ipo na haijapungua hata kidogo, na kwenye amplifaya yangu volyumu iko mlangoni kabisa kabla ya tyubu, kwa hiyo pleya haina kosa, mchawi yuko ndani. Nikazima, nikaacha zipoe (zinaunguza jamani, na humo ndani kuna volti mia kadhaa zinazobaki kwenye kapasita hata ukishachomoa umeme, kwa hiyo chini sikufungua), nikahamisha 12AX7 ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Kuwasha tu, karai limehamia kulia. Kumbe kitoto kile cha pini 9 ndo kinanitesa!

Na ukifikiria ina mantiki, 12AX7 ina ukuzaji wa 100 na yenyewe ndo ya kwanza, kwa hiyo kauchafu kowote kanakozaliwa pale kanakuzwa na wote wanaofuata, wakati EL34 iko mwisho wa mstari, ikichafua kidogo hakuna wa kuikuza tena.

Ile tap tap ilibaki kushoto, haikuhama. Hiyo ilikuwa soketi, pini zimeota kutu kidogo, nikapuliza dawa ya kusafishia kontakti, nikachomeka na kuchomoa tyubu mara kadhaa, kwisha habari.

Sasa kununua. Watu wengi watakwambia tafuta za zamani, zilizotengenezwa enzi hizo na hazijawahi kutumika, na mimi nikaingia mkenge, muuzaji kaandika imepimwa na ni kimya. Shshsh kweli haina, ila inaimba! Nikiigonga taratibu kwa kifutio cha penseli spika inalia tiiing, nikitembea karibu na meza nasikia hatua zangu mwenyewe kwenye spika. Vipande vya ndani vikishalegea vinatikisika, na mtikisiko unageuka sauti. Sisemi za zamani zote mbovu, nasema neno kimya la muuzaji liulize, kimya cha shshsh au kimya cha kugongwa, maana ni vitu viwili tofauti.

Mara ya tatu nikachukua JJ ECC83S, za Slovakia (ECC83 ni jina la Ulaya la 12AX7, msichanganyikiwe), ina pleti (bati za ndani) fupi ambazo hazitikisiki ovyo kama ndefu, na nikalipa zaidi kidogo zichaguliwe kwa ajili ya nafasi ya kwanza. Nimezigonga kwa kifutio kile kile, nasikia tu "dup" iliyokufa. Shshsh ipo nikiweka sikio kabisa kwenye twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba), nikirudi kwenye kiti hakuna kitu.

Nilijaribu pia 5751, inaingia soketi ile ile ila ukuzaji wake ni 70, kelele inashuka na sauti yote inashuka nayo, inabidi uzungushe volyumu zaidi. Kwa mwenye spika zinazotoa sauti kubwa kwa watt chache nadhani ndo jibu, mimi spika zangu ni nzito kusukuma, nikarudi kwenye JJ.

Kitu kimoja tyubu haijagusa, kuna mmmm ya chini sana kwenye spika zote mbili. Hiyo ilikuwepo toka zamani na haihami ukibadilishana tyubu, itakuwa pawa saplai au eathi, nitampelekea fundi. Usinunue tyubu kwa ajili ya mmmm kabla hujahakikisha.

EL34 zangu za mwanzo ziko kwenye droo, nzima kabisa.