Kabla hujanunua boksi jekundu la huduma ya kwanza, lifungue

Boksi la kwanza nililonunua Kariakoo lilikaa chini ya kiti cha gari miaka miwili. Siku nilipolifungua nikakuta plasta, pamba, kichupa cha spiriti, kimkasi kisichokata hata karatasi na bandeji moja nyembamba. Vitu vya mtoto aliyechubuka goti. Fundi aliyekatwa paja na diski ya grinda asingepona kwa vitu hivyo, maana mshipa mkubwa ukikatika mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, nyie bado mko kwenye foleni ya Ubungo mkielekea Muhimbili.

Kwa hiyo hapa nimepanga vifaa, kuanzia kilicho bora, kwa swali moja: kitazuia damu?

Namba moja ni kujikusanyia mwenyewe. Ingia famasi, chukua gozi (kitambaa chepesi cha vidonda) za kuviringisha nne au tano, bandeji mbili za krepu, zile zinazovutika, za sentimita 10 au 15, glovu jozi tatu, na mkasi unaokata jinzi. Damu huzuiwa kwa kukandamiza, na gozi ndiyo ya kukandamizia. Jeraha likiwa na shimo, tuseme la kisu kwenye kinena au kwapani, shindilia gozi humo mpaka lijae, kisha kandamiza kwa mikono miwili na uzito wako wote, dakika 10 bila kuchungulia. Wengi wetu tunaharibu hapo, kwenye kuchungulia. Gozi ikilowa usiichomoe, ongeza juu yake na ukaze zaidi. Pamba waachie wenyewe dukani. Nyuzi zake hunata kidondani. Umekutwa huna kitu? Kanga safi inafanya kazi.

Namba mbili, turniketi: mkanda mpana wenye kijiti cha kusokota, kwa mkono au mguu tu. Ningeiweka juu kama isingekuwa bandia zilivyojaa. Ijaribu pajani kwako palepale dukani. Kijiti kikipinda, mrudishie mwenyewe. Upana usipungue sentimita 4. Hufungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si kwenye goti wala kiwiko, na husokotwa hadi damu ikome. Majeruhi atapiga kelele kwa maumivu, usilegeze. Andika saa uliyoifunga, hospitali wataifungua wao.

Namba tatu ni boksi lililojazwa tayari. Linafaa ukiongeza gozi.

Mkiani kabisa ni ule mpira mwembamba wa kufunga mkono wakati wa kutoa damu. Unabana mishipa inayorudisha damu moyoni, ile inayoileta ikiendelea kusukuma, na jeraha linazidi kuvuja. Kamba ya kiatu nayo ni hivyo hivyo, hukata nyama bila kuziba.

Mfuko wa vifaa hivi ukae chini ya kiti cha mbele. Kwenye buti, chini ya gunia la mkaa wa Chalinze, hutaufikia.