Cygwin na faili lake la fstab, mimi nimeikubali
Cygwin, programu inayokupa zana za mtindo wa Linux ndani ya Windows, naitumia kila siku na ninachokipenda zaidi ni /etc/fstab, faili la mipangilio ya jinsi Cygwin inavyoona draivu na folda, yaani mstari mmoja tu unabadilisha mambo kibao. Mwanzo faili nilizotengeneza kwenye draivu D ruhusa zake zilivurugika hadi programu za Windows zikawa zinazikataa, nikaongeza noacl (inaiambia Cygwin isijali ruhusa za Windows, yaani ACL) mwishoni mwa orodha ya chaguo hivi:

none /cygdrive cygdrive binary,posix=0,user,noacl 0 0

nikafunga madirisha yote nikafungua upya, faili mpya zikawa poa kabisa, za zamani nikarekebisha kwa mkono. Ila jua kwamba hapo chmod, amri ya kubadilisha ruhusa za faili, inabaki kugusa ile alama ya "kusoma tu" (read-only) basi. Na folda yenye nafasi kwenye jina, ndani ya fstab andika \040 badala ya hiyo nafasi, wengi wanakwama hapo. Nyota nne.